Muuaji Aliyezaliwa Gazetini

Tarehe 2 Oktoba 1888, seremala mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye jengo jipya karibu na Whitehall, London, alikuta furushi limetupwa kwenye pembe ya giza ya chumba cha chini ya ardhi. Ndani yake mlikuwa na kiwiliwili cha mwanamke, hakina kichwa wala miguu wala mikono. Mkono wake mmoja ulikuwa umekwisha kuopolewa kwenye mto Thames wiki tatu nyuma. Jengo lenyewe lilikuwa likijengwa liwe makao makuu mapya ya polisi wa jiji, yaani muuaji, kwa kukusudia au kwa bahati, alikuwa amewaachia wapelelezi kosa lake ndani ya nyumba yao wenyewe. Mwanamke yule hakutambuliwa na aliyemuua hakujulikana. Mwaka 1887 vipande vya mwili wa mwanamke mwingine vilikuwa vimeokotwa Rainham na sehemu nyingine za kandokando ya mto huohuo. Juni 1889 vikaonekana vya Elizabeth Jackson, ambaye ndiye pekee kati yao aliyepata kutambuliwa kwa jina, na Septemba ya mwaka huo kiwiliwili cha nne kikakutwa chini ya tao la daraja la reli, Pinchin Street. Wanawake wanne katika jiji moja, ndani ya miaka miwili na ushei, na hakuna hata mtu mmoja aliyefikishwa mahakamani. Ukiwatoa wasomi wachache wa historia ya uhalifu, ni nani leo anayeikumbuka kesi hiyo?

Mwendo wa kama saa moja kwa miguu kutoka Whitehall kwenda mashariki, katika miezi ileile, kulikuwa na kesi nyingine. Kati ya 31 Agosti na 9 Novemba 1888, Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly waliuawa Whitechapel na viungani mwake. Muuaji huyo naye hakukamatwa. Lakini yeye ana mamia ya vitabu, ana filamu, ana michezo ya kuigiza, ana jumba lake la makumbusho, na jioni baada ya jioni makundi ya watalii huongozwa kwenye vichochoro alikopita. Hata mtu ambaye hawezi kuionyesha London kwenye ramani amepata kulisikia jina la Jack the Ripper. Watu wakiulizwa sababu, jibu la haraka ni kwamba binadamu hapendi swali lisilo na jibu, na kwa hiyo kesi isiyotatuliwa haimtoki akilini. Jibu hilo halisimami mbele ya kesi ya mto Thames, kwa kuwa nayo haikutatuliwa, na imesahaulika. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba kilichodumu si kesi bali mhusika, na mhusika huyo alitungwa na watu wa magazeti katika wiki chache za mwaka 1888, kwa sababu walikuwa na kitu cha kuuza.

Atatokea wa kusema kwamba nimelinganisha visivyolingana. Wengi wa wanawake wa Whitechapel walikutwa barabarani na uani, miili bado ina joto, mmoja baada ya mwingine ndani ya wiki kumi tu, na usiku wa kuamkia 30 Septemba wakauawa wawili kwa tofauti ya saa moja hivi. Vipande vya mtoni vilionekana kidogo kidogo, na hakuna aliyejua mauaji yenyewe yalifanyika lini wala wapi. Hilo ni kweli, na linaeleza vizuri hofu iliyoikumba London mwaka ule. Lakini hofu hukoma hatari inapopita. Haielezi kwa nini watu waliozaliwa miaka mia moja baadaye, mbali kabisa na Uingereza, wanaendelea kumfuatilia muuaji ambaye kwa hesabu yoyote ile ni marehemu. Zaidi ya hayo, maiti ya Pinchin Street ilikutwa Whitechapel kwenyewe, na polisi waliiingiza kwenye jalada lilelile la mauaji ya Whitechapel. Jalada hilo lina mauaji 11, kuanzia Emma Smith wa Aprili 1888 mpaka Frances Coles wa Februari 1891. Mtaa ni ule ule, polisi ni wale wale, hofu ni ile ile, na bado sita kati ya hao kumi na mmoja wamebaki nje ya mlango wa hadithi.

Kilichotofautiana ni karatasi. Uingereza ya 1888 ilikuwa nchi ya magazeti kuliko ilivyowahi kuwa. Ushuru wa stempu uliokuwa ukiyafanya magazeti kuwa ghali uliondolewa mwaka 1855, ushuru wa karatasi ukafuata mwaka 1861, na sheria ya elimu ya 1870 ikalea kizazi cha vibarua na watumishi wa ndani waliojua kusoma. Januari 1888 likaanzishwa The Star, gazeti la jioni la nusu peni chini ya T. P. O'Connor, lililojipambanua kuwa sauti ya wanyonge na lililohitaji wasomaji upesi. Mwanzoni mwa Septemba, baada ya kifo cha Nichols, gazeti hilo lilichukua uvumi wa mtaani juu ya mtu aliyekuwa akiwatisha na kuwanyang'anya fedha wanawake usiku, likalitangaza jina lake la "Aproni ya Ngozi" na kumweleza kama jitu la kutisha lenye sura ya Kiyahudi. Siku chache baadaye fundi viatu Myahudi, John Pizer, alikamatwa. Alithibitisha mahali alipokuwa usiku wa mauaji, na hata askari mmoja alikuwa amezungumza naye barabarani usiku ule, akaachiwa. Lakini mitaa ile ilikuwa imejaa Wayahudi waliokimbia mateso ya Urusi tangu 1881, na makundi ya watu yalikwisha kuanza kuwazomea na kuwashambulia. Kwa upande wa gazeti, somo lilikuwa limepatikana: muuaji mwenye jina anauza kuliko muuaji asiye na jina. Tatizo lilikuwa kwamba jina lile lilikuwa la mtu halisi, na mtu huyo alikuwa na ushahidi wa kumtetea.

Jina lililofuata halikuwa na mtu wa kulipinga. Barua iliyoandikwa kwa wino mwekundu, yenye tarehe 25 Septemba 1888, ilifika kwenye shirika la habari la Central News, na tarehe 29 shirika likaikabidhi kwa polisi. Mwandishi wake alijigamba kwa mauaji yaliyopita, akawacheka wapelelezi, akaomba barua ishikiliwe kwanza mpaka afanye kazi nyingine, na akatia sahihi ya Jack the Ripper. Usiku wa kuamkia siku iliyofuata Stride na Eddowes wakakutwa wameuawa. Tarehe 1 Oktoba ikafika kadi ya posta yenye jina lilelile, na tarehe 3 polisi wenyewe wakachapa mabango yenye nakala ya maandishi hayo na kuyabandika mjini, wakitumaini kuwa mtu atautambua mwandiko. Hakuna aliyeutambua. Badala yake jiji zima likajifunza jina, na barua za kuiga zikaanza kumiminika kwa mamia. Mtu atafakari anuani ile kidogo. Mkazi wa kawaida wa Whitechapel mwenye neno la kusema angeliandikia gazeti analolisoma, au polisi. Shirika la habari, linaloyauzia magazeti taarifa na ambalo jina lake halikuwa midomoni mwa watu mtaani, lilijulikana zaidi na waandishi. Polisi waliokuwa karibu na upelelezi walilifikiria hilo pia. Robert Anderson, aliyekuwa mkuu wa idara ya upelelezi, aliandika mwaka 1910 kwamba barua ile ilitungwa na mwandishi wa habari wa London. John Littlechild, aliyekuwa mkuu wa kitengo maalumu cha polisi, alikwenda mbali zaidi katika barua yake ya faragha ya 1913 na kumtaja Tom Bulling, mfanyakazi wa Central News.

Hakuna mahakama iliyopata kulithibitisha hilo, na sihitaji lithibitishwe ili hoja yangu isimame. Linalotosha ni kwamba hakuna barua hata moja, kati ya mamia yale, iliyopata kuthibitishwa kuwa ya muuaji. Ile yenye uzito kidogo, iliyomfikia George Lusk wa kamati ya ulinzi ya mtaa tarehe 16 Oktoba pamoja na nusu ya figo, haikutiwa sahihi kwa jina hilo. Mtu aliyeua Whitechapel, kwa kadiri ya ushahidi tulio nao, hakusema lolote. Alikuwa bubu kama yule wa mtoni. Sauti, dharau, utani, majigambo, hata ule mchezo wa paka na panya kati yake na polisi, vyote vilitoka kwenye barua. Ukivitoa, kinachobaki ni mwanamume mwenye kisu aliyewashambulia wanawake waliolewa, waliochoka au waliolala. Hana akili ya pekee wala fumbo la kina. Kutokukamatwa kwake hakudai maelezo makubwa: taa za gesi zilikuwa chache, hakukuwa na alama za vidole wala vipimo vya damu, na eneo liligawanywa baina ya vikosi viwili vya polisi, cha jiji kuu na cha eneo la City, kiasi kwamba maandishi ya chaki yaliyokutwa Goulston Street yalifutwa kwa amri ya kamishna Charles Warren kabla hayajapigwa picha, kwa hofu kwamba yangeamsha fujo dhidi ya Wayahudi.

Mhusika aliyetungwa ana faida moja ambayo binadamu halisi hana: anaweza kuvaa uso wowote. Ndiyo maana kila kizazi kimempata Jack wake. Mwaka 1888 alikuwa mgeni, Myahudi, au daktari kichaa. Mwaka 1976 Stephen Knight aliandika kitabu kilichoipeleka kesi mpaka kasri la kifalme na kwa wakubwa wa serikali, na kikauzwa sana, ingawa miaka miwili baadaye mtu aliyempa hadithi hiyo alikiri kuwa sehemu kubwa ni uzushi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikatokea shajara iliyodaiwa kuwa ya mfanyabiashara wa pamba wa Liverpool, James Maybrick. Mwaka 2002 mwandishi wa riwaya Patricia Cornwell akamshtaki mchoraji Walter Sickert. Hata orodha ya polisi wenyewe haina msingi imara kama inavyodhaniwa. Melville Macnaghten, aliyeandika waraka wa 1894 uliotaja washukiwa watatu, Druitt, Kosminski na Ostrog, alijiunga na polisi Juni 1889, mauaji yale yakiwa yamekwisha pita. Alimweleza Montague Druitt kama daktari wa miaka 41, kumbe alikuwa wakili na mwalimu wa miaka 31. Na ni waraka huohuo uliotia muhuri kwamba waliouawa na mtu huyo ni watano, si zaidi. Kwa hiyo hata idadi ambayo kila mpenzi wa kesi hii anaitaja bila kusita imetokana na kalamu ya ofisa ambaye hakuwapo, na ambaye aliandika kwa sababu gazeti la The Sun lilikuwa limemtuhumu mtu mwingine.

Swali la "ni nani?" lilipokua, swali la "kwa nini hawa?" lilidumaa. Nalo lina ushahidi mwingi, tena ulioandikwa kwa makini na makarani wa uchunguzi wa vifo. Polisi walikadiria kuwa Whitechapel ilikuwa na nyumba 233 za kulala kwa malipo ya usiku mmoja, zenye watu wapatao 8,500. Kitanda kimoja kilikuwa peni 4. Nichols aliondolewa kwenye nyumba ya Thrawl Street usiku aliouawa kwa sababu hakuwa nazo. Alipokutwa alikuwa na kitana, leso nyeupe na kipande cha kioo kilichovunjika. Chapman aliondolewa Dorset Street wiki moja baadaye kwa sababu hiyohiyo. Eddowes alikuwa amerudi kutoka Kent kuvuna zao la kutengenezea bia, na mwanamume aliyeishi naye alikuwa ameweka rehani viatu vyake ili wale. Orodha ya vitu vyake ni ndefu kuliko ya wote, kwa kuwa alitembea na karibu kila alichokuwa nacho duniani: kikopo cha majani ya chai na kingine cha sukari, vipande sita vya sabuni, vitambaa kumi na viwili, kisu cha mezani, kijiko, subana, glavu moja nyekundu, kipande cha miwani, na kikopo cha haradali chenye risiti mbili za rehani. Mary Jane Kelly ndiye pekee aliyekuwa na chumba chake, naye alikuwa akidaiwa shilingi 29 za kodi yake. Aliyegundua mwili wake alikuwa ametumwa kudai kodi hiyo. Ukisoma taarifa hizi kwa pamoja, muuaji anaonekana kuwa mtu wa mwisho katika mstari mrefu wa walioufunga mlango.

Wapo wanaoyatetea magazeti hapa, na utetezi wao si wa kupuuza. Wanasema bila kelele zile hakuna ambaye angejua habari za nyumba za peni 4, na kwamba kelele ziliharakisha ubomoaji wa vibanda na ujenzi wa makazi bora. Mwandishi George Bernard Shaw alilisema hilo mapema kwa hasira, katika barua kwa The Star tarehe 24 Septemba 1888, akidai kwamba muuaji asiyejulikana amewafumbua macho matajiri kuliko wanasiasa wa kijamaa. Tena ni kweli kwamba magazeti yalisaidia: mwanamume wa Eddowes alijua kuwa ni mwenzake aliyeuawa baada ya kusoma habari za zile risiti za rehani. Lakini tuiangalie tarehe. Shaw aliandika siku tano kabla barua ya wino mwekundu haijafika polisi. Septemba hiyo, kabla ya kuzaliwa kwa Jack, kurasa za magazeti zilikuwa na nafasi kubwa kwa umaskini, vibarua wasio na kazi na wanawake wanaolala nje. Mjadala huo haukukoma Oktoba, lakini tangu hapo ulikuwa na mshindani aliyeuzidi mvuto, na ndiye tuliyerithi. Faida anayoizungumzia mtetezi ilitokana na taarifa za vifo, si na mhusika aliyekuja kuzifunika.

Pingamizi lililo kubwa zaidi ni kwamba haya yote ni burudani isiyomdhuru mtu, kwani wahusika wamekufa zamani. Historia ya Yorkshire inakataa. Kuanzia 1975 Peter Sutcliffe aliua wanawake 13 kaskazini mwa Uingereza, na magazeti, kwa mazoea yale yale ya 1888, yakamwita Ripper wa Yorkshire. Jina hilo likamwita mwigaji. Mwaka 1978 na 1979 mlevi mmoja wa Sunderland, John Humble, aliwaandikia polisi barua zilizoiga maneno ya zile za Whitechapel na kuzitia sahihi ya Jack the Ripper, kisha Juni 1979 akampelekea mkuu wa upelelezi, George Oldfield, kanda ya sauti. Polisi wakaamini. Wakawa wanatafuta mtu mwenye lafudhi ya Sunderland, na Sutcliffe, aliyezungumza kama mtu wa Bradford na aliyehojiwa mara tisa katika miaka ile, akapita kwenye tundu la wavu. Baada ya kanda ile aliwaua Barbara Leach, Marguerite Walls na Jacqueline Hill, mpaka alipokamatwa Sheffield Januari 1981 kwa sababu ya namba bandia za gari. Humble alipatikana kwa vinasaba vya kwenye bahasha na kufungwa miaka minane mwaka 2006. Wanawake watatu walikufa huku polisi wakimfuata mzimu uliotungwa miaka 90 kabla. Sielewi mtu anawezaje kuisoma habari hiyo na bado akaiita burudani.

Je, sayansi haitaumaliza mvuto huu siku moja? Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba vinasaba kwenye shali iliyodaiwa kuokotwa kando ya mwili wa Eddowes vinamtaja Kosminski, na mwaka 2019 makala ya kisayansi ikachapishwa. Wataalamu wengine walipinga mara moja, kwa kuwa vinasaba vya aina ile, vinavyorithiwa kwa upande wa mama, huwa vya watu wengi na hufaa zaidi kumwondoa mtu kuliko kumtia hatiani. Mimi naiona kasoro nyingine iliyo wazi zaidi. Ile orodha ya polisi iliyohesabu mpaka subana na glavu moja haina shali hiyo. Ingekuwapo, karani aliyeandika vipande sita vya sabuni asingeiruka. Na hata jina la kweli likipatikana kesho, litakuwa la mtu wa Whitechapel asiyejulikana, na wasomaji watamrudia yule wa barua.

Kinachoweza kubadilika ni uamuzi wa watu wanaofaidika naye. Mwaka 2015 jumba la makumbusho lilifunguliwa Cable Street, baada ya ombi la kibali cha ujenzi kusema kuwa litahusu historia ya wanawake wa mashariki mwa London. Lilipofunguliwa lilikuwa la Jack the Ripper, na wakazi wakaandamana mlangoni. Hoja ya wenye biashara ilikuwa ile ya siku zote, kwamba watalii wanalitaka jina hilo. Lakini kuna baa Spitalfields, jirani na Whitechapel, iitwayo Ten Bells, iliyobadilishwa jina mwaka 1976 kuwa Jack the Ripper kwa sababu hiyohiyo. Baada ya miaka 12 na kampeni ndefu ya wanawake waliochoshwa na biashara hiyo, kampuni ya bia iliyoimiliki ililiondoa jina hilo mwaka 1988, mwaka wa karne moja tangu mauaji. Baa iko wazi mpaka leo kwa jina lake la zamani.